Kundi la wazazi likinyamaza

Mwalimu mkuu wa siku hizi ana ofisi mbili. Ya kwanza ina meza, kabati la mafaili na benchi la wazazi nje ya mlango. Ya pili iko mfukoni, haina saa ya kufunga, na wazazi mia mbili wanaweza kuingia humo kwa mpigo bila kubisha hodi. Ofisi ya kwanza ina miongozo, nyaraka na mihuri. Ya pili kila mkuu wa shule anajifunza akiwa ndani yake, na mara nyingi somo linafika baada ya kosa.

Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi katika bonde la Kyela, upande wa kati ya Ipinda na ziwa, ana mengi ya kusema kuhusu ofisi hiyo ya pili. Jina lake na la shule yake hayatajwi hapa, kwa kuwa wazazi wanaohusika anakutana nao kila siku sokoni na kanisani. Ni mwenyeji wa Singida. Alipangiwa Mbeya akiwa mwalimu kijana, akaoa huko, akapanda hadi kukabidhiwa shule. Kinyakyusa anakielewa vizuri, kukizungumza anababaisha, lakini "ndaga" yake anaitoa kwa sauti kubwa kuliko wenyeji.

Kundi la WhatsApp la wazazi alilikuta limeanzishwa na mtangulizi wake. Kwa muda mrefu alilitumia kama ubao wa matangazo: shule inafunguliwa lini, sare, mkutano, mitihani. Wazazi walijibu kwa "asante mwalimu" na vile vikono viwili vilivyokutanishwa, na maisha yakaendelea. Kipindupindu kilipoikumba Malawi kuanzia Machi 2022, na kuua watu zaidi ya 1,700 hadi mwaka uliofuata, kundi lilifanya kazi nzuri. Kyela inatenganishwa na Malawi na Mto Songwe tu, watu wanapita Kasumulu kwenda na kurudi kila siku, na wilaya yenyewe si ngeni kwa ugonjwa huo. Mwalimu aliandika kuhusu kuchemsha maji na kunawa mikono. Wazazi wakauliza maswali, wakajibizana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akatuma picha ya choo chake kipya na kupongezwa kama aliyeoa. Hapo ndipo mwalimu alipoamini kwamba amepata njia ya kuongoza wazazi bila kuitisha kikao.

Ikaja Aprili 2024.

Mwezi huo Serikali ilibadili utaratibu wa chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, na wasichana wote wa miaka 9 hadi 14 wakaingizwa. Kwa maneno mengine, shughuli hiyo sasa ilishuka mpaka kwa watoto wa darasa la tatu na la nne, ambao mama zao bado wanawasuka nywele. Mwalimu mkuu akapokea maelekezo, akaketi, akaandika:

"Ndugu wazazi na walezi, mnataarifiwa kuwa wataalamu wa afya watafika shuleni kwa zoezi la chanjo kwa wanafunzi wa kike. Mnaombwa kutoa ushirikiano. Ofisi ya Mwalimu Mkuu."

Hakuna aliyejibu. Alipobonyeza kuangalia waliosoma, orodha ilikuwa ndefu. Hata wale wanaotuma vikono kwa kila kitu, hata kwa tangazo la msiba, walikaa kimya. Akahesabu kimya kile kuwa ni kukubali. Wahenga wangemwonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulikuja siku mbili baadaye, kwa njia ya ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Ilikuwa sauti ya mwanamke, lafudhi yake si ya Kyela, na juu ya ujumbe kulikuwa na alama ya mishale miwili, ile inayoonyesha kwamba umekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Mwanamke huyo alisema chanjo inafunga vizazi vya wasichana, kwamba wazungu wameamua Waafrika wapungue, na kwamba mama mwenye uchungu na mwanaye amfiche siku hiyo. Maneno hayo hayakuwa mapya. Yalizunguka pia mwaka 2021 wakati chanjo ya UVIKO-19 ilipoingia nchini, na kabla ya hapo yalizungukia chanjo nyingine. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa yalisikika ndani ya kundi la shule, chini ya jina la shule na picha ya jengo la shule.

Siku ya chanjo, upande wa wasichana wa madarasa ya juu ulikuwa na mapengo.

Jioni ile mwalimu mkuu alifanya mambo mawili ambayo leo anayasimulia huku akitikisa kichwa. Kwanza aliandika ujumbe mrefu wa hasira, akitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kwamba atakayesambaza uzushi atachukuliwa hatua. Pili alilifunga kundi, ili viongozi wake tu ndio waweze kuandika. Wazazi kadhaa wakajitoa. Waliobaki wakawa wanasoma tu. Kwa wiki nzima aliona utulivu, akadhani ameshinda, mpaka mkewe aliporudi kutoka kisimani na kumwambia kwamba maneno yanazungumzwa huko, sasa yakiwa na nyongeza: mwalimu mkuu amelipwa.

Kulifunga kundi ni sawa na kuwatoa wazazi nje ya mkutano kisha kuendelea kuhutubia viti. Kiongozi anabaki anaisikia sauti yake mwenyewe. Mtu asilaumiwe sana kwa hilo, maana kitufe kipo, kinabonyezeka kwa kidole kimoja, na mkuu wa shule aliyetukanwa saa nne usiku ni binadamu. Ila uvumi hauhitaji kundi la shule ili uishi.

Aliyemfungulia macho ni mwalimu wa malezi, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mwaya. Alimfuata ofisini wakati wa mapumziko, akaketi kwenye benchi kama mzazi.

"Mwalimu, kwenye lile kundi kuna nani na nani?"

"Wazazi."

"Wazazi gani? Mle kuna mama, kuna baba yake mkwe, kuna mchungaji, kuna mwenyekiti wa kitongoji. Wewe umewauliza kina mama habari za mlango wa kizazi mbele ya wakwe zao. Ulitaka wajibu nini?"

Mtu wa Singida, pamoja na miaka yake yote Kyela, hakuwa amelifikiria hilo. Na hapa inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu jibu la mwalimu wa malezi lina mizizi mirefu.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company. Neno alilolitilia mkazo kuliko yote ni ukwangala, ile raha ya kukaa na kuongea na wenzako. Lakini wenzako ni nani? Zamani hizo vijana wa kiume walipofikia kama miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao na kuanza kijiji chao, wakaishi na wenzao wa rika, wakala pamoja na kuongea pamoja mpaka uzeeni. Kijiji kizima kilikuwa cha watu wa umri mmoja na wake zao. Miongoni mwa sababu za mpangilio huo ilikuwa heshima kati ya vizazi. Mke wa kijana alipaswa kumwepuka kabisa baba mkwe wake, asionane naye. Ukwangala ulihitaji usawa. Mazungumzo ya kweli yalikuwa ya watu wasioogopana.

Vijiji vya rika havipo tena, na mkwe wa leo wa Kyela anampelekea baba mkwe chai na kumsalimia. Lakini heshima ile haijafutika, imehamia kwenye ulimi. Kuna mambo mama hasemi akijua mzee anasikia. Sasa chukua simu, uwaweke kwenye chumba kimoja watu ambao desturi iliwajengea vijiji mbalimbali ili waweze kuongea, kisha uwaulize kuhusu viungo vya uzazi vya binti zao. Kuchemsha maji kila mtu anaweza kulizungumza mbele ya yeyote, ndiyo maana kipindupindu kilipata majibu. Kimya cha Aprili hakikuwa ridhaa wala ukaidi. Kilikuwa adabu.

Kitabu hicho kina jambo jingine linalomhusu kiongozi yeyote mwenye kundi mfukoni. Wanyakyusa wa wakati huo waliamini kitu kilichoitwa pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani dhidi ya mkosaji, hata akiwa chifu, yaliweza kumtia ubaridi na ugonjwa. Dawa haikuwa kuwanyamazisha. Dawa ilikuwa hasira itoke, isemwe mbele ya watu, iishe. Si lazima mtu aamini ugonjwa unaletwa na manung'uniko ili aone kwamba mwalimu mkuu, kwa kulifunga kundi, alikuwa ameiziba pumzi hiyo ikamzunguka kwa njia ya kisimani.

Basi wakaitisha kikao cha kina mama peke yao, chini ya mwembe wa shule, siku ambayo si ya soko. Aliyealika ni mwalimu wa malezi, aliyeongea ni muuguzi wa zahanati. Mwalimu mkuu alipeleka viti, akasalimia, akaondoka. Anakiri kwamba kuondoka kulikuwa kugumu kuliko kuhutubia. Alikaa ofisini akijifanya kuhesabu vitabu, akisikia vicheko, halafu kimya, halafu sauti nyingi kwa pamoja.

Maswali aliyosimuliwa baadaye yanafaa kusomwa na kila baba. Je, inafunga kizazi? Mbona wavulana hawachomwi? Mtoto wa miaka tisa anachanjwa kitu cha wakubwa kwa nini, au ndiyo kumwambia kwamba sasa ameruhusiwa? Kisha mama mmoja akasema dada yake alikufa kwa ugonjwa huo, alitokwa damu miezi mingi akificha, na akauliza kama yeye mwenyewe amechelewa.

Muuguzi hakutoa hotuba. Alieleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake Tanzania. Karibu yote inasababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, zilizopewa namba 16 na 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Chanjo inakinga kabla ya maambukizi na haiondoi yaliyokwisha kuingia, ndiyo maana wanalengwa watoto ambao bado hawajaanza maisha hayo. Anayechanja mapema hajampa mtoto ruhusa yoyote, kama vile anayeezeka nyumba kiangazi hajaita mvua. Haina virusi hai na hakuna ushahidi kwamba inazuia uzazi. Mkono unauma, wengine wanapata kizunguzungu, hivyo mtoto akichomwa anakaa kidogo kabla ya kukimbia. Kuhusu dozi moja badala ya mbili, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoikubali mwaka 2022 baada ya tafiti kuonyesha kinga yake inatosha.

Kwa yule mama aliyeuliza kama amechelewa, jibu lilikuwa kwamba chanjo ni ya binti yake, yeye anahitaji uchunguzi. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanashauriwa kuchunguzwa, na kipimo kinachotumika sana ni cha kupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama rangi inabadilika. Ni cha dakika chache. Mabadiliko yakionekana mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Wanaoishi na VVU wanahitaji kuanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yao ni karibu mara sita ya wenzao. Hilo la mwisho muuguzi alilisema kwa wote, bila kumtazama mtu.

Hakuna muujiza uliotokea. Baadhi ya mama waliwapeleka binti zao zahanati wiki hiyohiyo, wengine baadaye. Wengine hawajawapeleka, na wawili walisema wazi kwamba baba wa mtoto amekataa na hawawezi kumpinga. Lakini kikao kile kilizaa kundi la pili la WhatsApp, la kina mama, linaloendeshwa na mwalimu wa malezi. Mwalimu mkuu hayumo. Aliombwa asiwemo. Anapotaka kupeleka jambo huko analiandika, mwalimu wa malezi analisoma, anacheka, analiandika upya.

Kisa cha chanjo kilimfanya mwalimu mkuu afanye kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Alichukua daftari la mahudhurio, akaanza kulinganisha jina moja baada ya jingine na kundi la wazazi: huyu mlezi wake yumo? Yule je? Alitegemea kukuta wachache nje. Alikuta watoto wengi kwelikweli ambao hakuna mtu wa nyumbani kwao anayesoma matangazo ya shule. Kulikuwa na watoto wa bibi. Kulikuwa na watoto wa wavuvi wanaolala ziwani na kuzima simu ili chaji isiishe. Kulikuwa na wenye simu za batani, zile tunazoziita vitochi. Na kulikuwa na mshangao mwingine: kati ya wazazi waliokuwa wakijibu haraka kuliko wote, wakitoa ushauri na hata kumkosoa, kadhaa walikuwa wanaishi Dar es Salaam na Mbeya mjini. Walikuwa wazazi halali, na baadhi walikuwa wanatuma hela bila kukosa. Ila waliokuwa wakimwamsha mtoto asubuhi na kumpa uji walikuwa watu wengine, na hao hawakuwa na bando.

Alielewa vizuri zaidi masika yalipozidi. Kyela ni tambarare, mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inamiminikia Ziwa Nyasa, na mvua za Aprili na Mei zikikaza, maji yanapita yanapotaka. Shule ililazimika kuwaacha watoto nyumbani siku chache kwa sababu njia zilikuwa hazipitiki. Maji yalipopungua, tangazo la kurudi liliwekwa kwenye kundi. Watoto wakarudi. Mmoja, msichana wa darasa la tano, hakurudi, na siku zikafika tisa. Mwalimu mkuu akapanda bodaboda, akaishia njiani, akavua viatu, akafika kwa miguu. Alimkuta bibi wa mtoto akianika mpunga uliolowa.

"Ndaga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pole na matope."

"Nimemfuata mjukuu. Mbona haonekani shuleni?"

"Shule si mmefunga? Mliwaambia watoto maji yakipungua mtawaita. Sisi tunasubiri mtuite."

"Tuliita, bibi. Tulituma kwenye simu."

"Simu ya nani?"

Hakuwa na jibu. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, daftari zake zimeanikwa juu ya kamba kama nguo.

Tangu hapo tangazo lolote linalohusu mtoto kuwepo au kutokuwepo shuleni linapita njia tatu. Linaandikwa kwenye kundi. Linatumwa kwa meseji ya kawaida kwa walezi wenye vitochi, kwa hela kidogo ambazo kamati ya shule ilikubali zitengwe. Na linabebwa kwa mdomo na watoto wa darasa la saba waliogawanywa kwa vitongoji, kila mmoja na nyumba zake, ambazo anapaswa kufika na kurudi na jibu. Ile rimu ya gari inayotumika kama kengele inagongwa pia, kwa muda mrefu, asubuhi ya kufungua. Wazazi wa kundi wanamcheka kwamba amerudi enzi za ukoloni. Bibi anaisikia.

Kuna mambo mengine ambayo ameacha kuyafanya, na haya yanaweza kuelezwa kwa ufupi kwa kuwa kila mzazi anayafahamu. Moja ni orodha. Elimu ya msingi ni bila ada tangu Januari 2016 na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, lakini uji na chakula cha mchana vinategemea wazazi, kwa mchele, mahindi, maharage au fedha. Zamani alikuwa anabandika kwenye kundi majina ya waliotoa na wasiotoa. Waliotoa waliongezeka, ni kweli. Pia baba mmoja, mkulima wa kakao aliyekuwa anasubiri malipo ya mnada, alijikuta jina lake la tatu kutoka juu, akajitoa kwenye kundi usiku uleule, na mwanaye wa darasa la pili akaanza kukaa mbali na foleni ya uji. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameshajua kwamba uji ule si wake. Sasa mhasibu wa kamati anampigia kila mmoja, au anamsubiri siku ya soko.

Jingine ni matokeo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, kwa hoja kwamba halikuwa na tija. Kama taifa limeweza kuacha, shule moja ya Kyela inaweza kuacha kubandika picha ya karatasi ya alama za darasa zima, pamoja na yule wa mwisho. Zaidi ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayozihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Walimu wengi wanaijua kwa jina tu. Picha ya mtoto aliyetapika darasani, jina la msichana aliyepata ujauzito, cheti cha kliniki cha mwenye VVU kilichopigwa picha "kwa ajili ya kumbukumbu": vyote hivyo vinazunguka kwenye makundi ya shule nchini kwa nia njema, na nia njema haivirudishi vilikotoka.

Kuhusu muda, ameweka kwamba kundi linajibiwa hadi saa mbili usiku. Dharura ni kupiga simu. Wazazi walilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Ambao hawajalikubali ni wakubwa wake, kwa maana yumo pia kwenye makundi ya kikazi, ya kata na ya wilaya, ambako taarifa huombwa saa tatu usiku kwa ajili ya asubuhi. Hapo hana kitufe cha kufunga. Lakini kuna kundi jingine, dogo, la walimu wakuu wachache wanaojuana tangu ajira zao za kwanza, mmoja yuko Matema chini ya Milima ya Livingstone ambako mtandao unakuja na kuondoka kama upepo wa ziwa, mwingine Ngonga, mwingine Kajunjumele. Humo hakuna tangazo wala nakala ya waraka. Wanaulizana mtu anamwambiaje mwalimu mlevi, wanatumiana picha za samaki, wanapeana pole. Mwalimu mkuu anasema kazi yake ni ya upweke kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa shuleni kila anayeongea naye ama anamwogopa ama anamtaka kitu. Ukwangala wake uko kwenye kundi lile la watu wachache.

Kundi kubwa la wazazi alilifungua tena baada ya wiki tatu. Hakuandika maelezo marefu. Aliandika kwamba alikosea kulifunga, kwamba anayetaka kuuliza aulize, na anayeona swali lake si la hapo ampigie yeye au mwalimu wa malezi, akaweka namba zote mbili. Ujumbe wa kwanza kujibu ulitoka kwa mzee mmoja, baba mkwe wa wengi, aliyetuma sauti fupi kwa Kinyakyusa. Mwalimu mkuu aliisikiliza mara mbili, kisha akampelekea mwalimu wa malezi amfafanulie. Mzee alikuwa anauliza kama mjukuu wake wa kike, ambaye siku ile alifichwa shambani, bado anaweza kuchanjwa, na ampeleke siku gani.

Yule baba wa kakao hajarudi kwenye kundi mpaka leo. Wanapokutana Ipinda wanasalimiana, wanaulizana hali za mashamba. Mtoto anakunywa uji.